Ukuta Niliouapia

Laiti ningekataa siku ile kumpa binti yangu namba ya zege kutoka kichwani mwangu. Ilitosha nimwambie: toboeni ukuta, mpime. Sikusema hivyo.

Nimejenga Bukavu na viunga vyake miaka arobaini, na kazi ya zege, betoni kama tunavyoiita hapa, hakuna wa kunifundisha. Ukuta wa depo ya mafuta, karibu na uwanja wa ndege ukishapita mji mdogo wa Miti, niliujenga mimi na watu wangu. Binti yangu, injinia, alipewa kazi ya kuonyesha kwa kompyuta kama ukuta huo utasimama ndege ndogo ya mizigo ikiteleza na kuugonga. Akaja nyumbani, akafungua mashine juu ya meza ya mama yake.

"Papa, betoni ya pale iko na nguvu gani?"

"Ile ya kwenye plani."

"Hamukuongeza maji?"

"Weye njo unaniuliza mambo ya maji? Nilianza kukoroga betoni mama yako akiwa bado ku masomo ya primeri."

Akacheka, akaandika namba ya plani niliyomtajia. Nami nilijua. Siku tulipomwaga ukuta ule jua lilikuwa kali, zege ikawa inashika kwenye toroli kabla ya kufika. Wabebaji walinung'unika, nikaamuru ndoo za maji ziongezwe. Ndivyo tunavyofanya hapa: zege ya maji hubebeka, ila ikikauka huwa dhaifu.

Kesho yake akanionyesha. Ndege ilikuja polepole kwenye kioo, pua ikajikunja, mabawa yakakatika. Ukuta ulipasuka, ukasimama. Nilivimba kichwa.

Wenye depo walipomwita aeleze kazi yake, fundi wao mmoja mzee alitaka kipande cha ukuta kipimwe kwanza. Kilisagika kabla ya kufika nusu ya nguvu niliyoitaja. Binti yangu akaingiza namba ya kweli, na safari hii ndege ilipita kama panga kwenye mgomba.

"Ulijua, Papa?"

"Nilijua."

"Na nilikuuliza."

Alinyang'anywa kazi ile, akapewa mwingine. Siku hizi anasimamia majengo mawili upande wa Nyawera. Jumapili baada ya misa huja na sambaza, dagaa wa ziwani, huniuliza habari za magoti. Mafundi wake huwatafuta kwingine, na juu ya zege hajaniuliza tena neno hata moja.