Samaki Mwenye Ndevu Ukutani kwa Mama Kemunto

Mtu akiniuliza kama nimewahi kufanya kazi Kisii, huwa nasema hapana, nilipita tu, halafu nabadilisha mazungumzo haraka nisije nikaulizwa nilipita wapi. Lakini nyinyi ni watu wangu, na afadhali jambo hili mlisikie kwangu kuliko kwa yule binamu yangu anayetia kila kitu chumvi, kwa hiyo leo nalitoa lote. Mimi Awuor, mchoraji wa kuta, niliharibu hoteli ya mjane siku ileile ilipofunguliwa, mbele ya mchungaji wake na wazee wa kanisa na majirani zake wote, na sikutumia silaha yoyote ila brashi.

Nilikuwa nimehamia Kisii kutoka Homa Bay, maana kwetu kila ukuta una mchoraji wake na ukigusa wa mwenzako mnagombana hadi kwa chifu. Huku nilikuwa sijulikani na mtu. Mama Kemunto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniamini. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka mingi, mumewe akafa, akastaafu, na kila alichokuwa nacho akakitia kwenye hoteli yake mwenyewe, upande wa mji unaoelekea Suneka. Akaniweka mbele ya ukuta unaotazama barabara akasema, "Nichoree samaki, baba." (Kwa Kikisii baba ni mama, na mwanamke akikupenda anakuita hivyo, nilichukua muda kuzoea.) "Samaki wa ziwa, mkubwa, mtu akiwa ng'ambo ya barabara aone njaa. Si wewe ni wa ziwani? Utajua mwenyewe." Akaniachia ufunguo wa stoo, akanitambulisha kwa Moraa, mpishi wake kutoka Nyakoe, halafu akaenda kwao Itumbe kuchuma chai na kualika jamaa.

Sasa mtu mwenye akili angeanza kazi. Mimi nilisema ngoja kwanza niujue mji, nione wenzangu wamechora nini na watu wanakula nini, na kusema kweli zile zilikuwa siku tamu kuliko zote nilizokaa kule, ndiyo maana zinaniuma. Nilikuwa nakunywa chai kwenye hoteli hii, nakula chapati na maharagwe kwenye ile, nashuka sokoni naonja obokima, ule ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyochemshwa na maziwa hadi uchungu umebaki kidogo tu wa kukukumbusha, na kote huko macho yangu yako ukutani. Niliona bucha iliyochorwa ng'ombe anayecheka (anacheka nini, mimi sijui). Niliona saluni yenye mwanamke mrembo sana ambaye jicho moja linamwangalia mteja na lingine linaangalia stendi. Kuna ukuta mmoja wenye kikombe cha chai kinachotoa mvuke, na mvuke umegeuka milima ya majani chai, huo nilisimama nikauangalia mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Lakini samaki, jamani. Kila hoteli ina samaki, na kila samaki ni ngege yuleyule mmoja, wa magamba makubwa, amelala kwenye sahani na kipande cha ndimu, mdomo wazi kama aliyesikia habari mbaya. Nikahesabu hadi nikachoka. Nina tabia moja mbaya, sipendi kufanya kile kila mtu amefanya, na pale pale nikiwa na chapati mkononi nikaamua kwamba Mama Kemunto hatapata ngege. Nitamchorea kambale, yule sisi wa ziwani tunamwita mumi, mwenye kichwa kipana na ndevu ndefu, samaki ambaye bibi yangu alikuwa akimleta kwenye beseni na sisi watoto tunazozana nani atapata mkia. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu.

Mnauliza kama hakukuwa na dalili. Zilikuwepo. Jumamosi nilizunguka mji mzima nikitafuta chakula nikakuta hoteli baada ya hoteli imefungwa, wenyewe wamevaa vizuri wanapita na Biblia, na mimi nikasimama nikifurahia rangi za vitambaa vya kina mama. Najua Wasabato ni nani. Kwetu wapo tele, jirani yetu mmoja hakubali hata sufuria iliyopikiwa mumi iazimwe kwake, kwa sababu samaki asiye na magamba kwao ni najisi, imeandikwa. Ila Moraa alikuwa na rozari shingoni, na juu ya jiko alikuwa amebandika picha ya Bikira Maria, na mimi ni Mkatoliki, nikaona niko nyumbani. Kumuuliza mwenye hoteli anasali wapi hakukunijia kabisa.

Nikachora. Na siwezi kujishusha hata kwa aibu: nilichora. Mgongo mweusi unaoingia kwenye kijani, tumbo jeupe lenye unyevu, ndevu zinapepea majini, jicho dogo lile la mumi ambalo ni kama linajua siri yako. Kwa sababu Kisii mvua haikosi mchana nilikuwa nafunika ukuta kwa turubai, na baadaye nikawa nafunika hata bila mvua, kwa maringo. Moraa aliniomba aangalie kidogo tu. Nikamwambia, "Utaona Jumapili pamoja na wageni." Angeangalia, mngekuwa hamna hadithi ya kusikiliza leo.

Jumapili ikafika. Viti vimepangwa mpaka karibu na barabara, kina mama wamekuja na vilemba, jamaa wa Itumbe wamekuja na mikungu ya ndizi, na Mama Kemunto amevaa gauni jipya la zambarau, anacheka na kila mtu, anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa: obokima, chinsaga, kuku, na samaki wa kukaanga aliyekatwa vipande. Mchungaji akaomba, akabariki jiko na mikono itakayopika humo, kisha akasema tumwone samaki tuliyefichwa siku zote hizi. Hapo ningevuta turubai nikanyamaza. Lakini nikaomba niseme neno moja.

Nikasema, "Mji huu una samaki mmoja tu ukutani, nimezunguka nimeona. Mama Kemunto amewaletea wa tofauti. Mwangalieni vizuri, kwa sababu huyu ndiye mtakayekula leo." Nikavuta turubai.

Nilikuwa nangoja makofi. Nikasikia mafuta tu yakichemka jikoni. Mzee mmoja wa kanisa, Mzee Ombati, shemeji yake Mama Kemunto, akasimama, akakaribia ukuta, akainamisha miwani.

"Huyu si mumi?"

"Ndiye, mzee," nikasema nikitabasamu, Mungu anisamehe. "Tena mnono."

Nikaona mikono ikitoka kwenye sahani. Haikutoka kwa fujo, ilitoka polepole tu, mmoja baada ya mwingine, kama watu walioambiwa sahani zina moto. Mama mmoja aliyekuwa ameshatia kipande mdomoni alikitoa kwa leso. Moraa akanishika mkono kwa nyuma akaninong'oneza, "Awuor, hawa ni Wasabato. Mama mwenyewe ni Msabato. Umefanya nini?"

Hapo bado ningeweza kuomba msamaha. Ningepiga magoti, ningelia, watu wangenihurumia na kula kuku. Lakini nilikumbuka neno moja tu, magamba, na akili yangu ikanidanganya kwamba kama kosa ni magamba, basi magamba ninayo kwenye mkebe. Nikasema kwa sauti, "Mchungaji, samahani, sijamaliza. Bado kutia magamba." Nikapanda kwenye kiti na gauni langu la sherehe, nikachovya brashi kwenye rangi ya fedha, nikaanza kumtia mumi magamba mbele ya kanisa.

Ukuta ulikuwa na unyevu wa turubai. Rangi haikushika, ikateremka. Kila gamba nililochora lilitiririka likaungana na la chini yake, na kwa sababu mumi ni mrefu, mwembamba mkiani, kadiri nilivyoongeza ndivyo alivyozidi kung'aa na kujikunja, mpaka nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema bila hasira yoyote, "Sasa amekuwa nyoka." Kuna walioshindwa wakacheka. Mchungaji hakucheka.

"Msichana," Mzee Ombati akasema, "shuka. Hata ukimvalisha magamba, ndevu bado ni zake."

Nikataka kufuta ndevu (ndiyo, niliendelea, msiniulize kwa nini) na nikazitapakaza hadi upande wa pili wa dirisha. Ndipo Mama Kemunto aliposema "Wacha," mara moja tu, na nikawacha.

Akawageukia wageni. "Watu wangu, jikoni mwangu hamna mumi. Huyu ni ngege. Nimemnunua mwenyewe, nimempara mwenyewe."

"Tunakuamini, mama," mchungaji akasema kwa upole. "Lakini tunajuaje? Msichana ametuambia ndiye huyu."

Na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo. Samaki alikuwa ameshaparwa, amekatwa kichwa, amekaangwa vipande. Hakuna aliyekuwa na uso. Hakukuwa na kitu chochote kwenye zile sahani cha kuonyesha kwamba mama huyu anasema kweli, ila neno lake, na dhidi yake kulikuwa na maneno yangu na ukuta mzima. Moraa akakimbia nyuma kwenye shimo la taka, akarudi na magamba aliyoyachimbua kwa mikono, yamechanganyika na majivu na maganda ya ndizi. Mama Kemunto akayapokea. Akayasafisha kwa kona ya lile gauni la zambarau, akayaweka kiganjani, akaanza kupita meza hadi meza na kiganja wazi, akisema, "Angalia. Ona. Ni magamba haya." Mwanamke aliyelisha watoto wa watu miaka yote ile, anaonyesha takataka ili aaminiwe. Na mimi nimesimama juu ya kiti.

Waliangalia. Walitikisa vichwa kwa adabu, walisema ndiyo, ndiyo mama, tunaona. Kisha wakala ndizi. Wengine walikunywa soda. Mzee Ombati alikumbuka kwamba ana ng'ombe wa kukamuliwa, na jua bado lilikuwa juu. Walipoondoka, samaki, kuku, obokima na chinsaga vyote vilibaki mezani vimepoa, tukakaa sisi watatu tukiviangalia, na hakuna aliyekuwa na njaa.

Nilirudi kupaka chokaa bila kuitwa. Nikapaka, ikakauka, mvua ikanyesha, na kesho yake ndevu zikawa zimejitokeza, kijivu, juu ya weupe. Nikapaka tena. Zikarudi. Watu wakaanza kuita mahali pale Kwa Mumi, kwanza kwa utani, halafu hivyo hivyo tu, kama jina. Wasabato hawakuja, na wasio Wasabato walikuja wakiulizia mumi, wakaambiwa hakuna, wakaenda zao. Siku Mama Kemunto alipofunga, nilikwenda kumsaidia kubeba masufuria. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilikuwa hata nataka. Alifunga mlango, akaangalia ule ukuta kwa muda, akasema, "Ulichora vizuri sana, baba. Ungekuwa mchoraji mbaya, wangesema ni ngege."

Siku hizi yuko Itumbe kwenye majani yake ya chai. Ile hoteli ni duka la mbegu na mbolea. Mimi nilirudi Homa Bay kugombania kuta, na sifungui mkebe wa rangi kabla sijamuuliza mwenye ukuta anasali wapi, anakula nini na hali nini, hadi wengine wananidhania mpelelezi. Na samaki wasiniambie. Wakitaka samaki nawachorea ngege, kwenye sahani, na ndimu, mdomo wazi, kama wa kila mtu.

Juzi nilikuwa na safari ya kupita Kisii nikateremsha kofia usoni, nikapita upande ule. Mwenye duka la mbegu amepaka ukuta kijani kibichi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na chini ya kijani, kwa anayejua pa kuangalia, zilikuwepo zile ndevu, zinapepea. Sijawahi kuchora kitu kizuri kuliko kile. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaomba mvua inyeshe hadi ukuta wote uanguke.