Changawa Mara Mbili

Kila asubuhi, gari la ofisi linapokata kona ya stendi ya Garsen, Esha Changawa huligeuzia kisogo. Huinama akayapanga upya maembe yake, ambayo tayari yamepangwa, mpaka vumbi litulie. Majirani zake wa sokoni wamezoea. Wanajua ndani ya gari hilo kuna mdogo wake.

Shuleni walikuwa wawili, wote wakitumia Changawa, jina la babu yao. Lakini yule mvulana alipewa jina hilo hata la mbele, na wenzake wakamwita Changawa Mara Mbili. Nyumbani halikuwa jambo la mzaha. Baba yao, marehemu Mzee Chande, alimwita "baba," kama ilivyo desturi kwa mtoto aliyebeba jina la mzazi wako. Hakumchapa wala hakumtuma mtoni. Nani amtume baba yake?

Esha aliongoza darasa. Mara Mbili alishika mkia, hana habari. Kisha mto ukavunja kingo, ukazoa migomba na mahindi yote, na Mzee Chande akawa hana uwezo wa kusomesha wawili. Esha alikuwa kidato cha pili.

"Mwanangu, nitamtoaje baba yangu shuleni?" alimwambia. "Laana hiyo nitaipeleka wapi?"

Akatolewa Esha. Mdogo wake alirudia madarasa, akasukumwa mpaka chuo, na leo ni afisa wa serikali. Husimama mikutanoni, suti imemkaa, akihubiri: "Wazazi, msomesheni mtoto wa kike!" Watu hupiga makofi. Esha akisikia hutema mate chini.

Juzi gari halikupita. Lilisimama mbele ya meza yake.

"Dada, nina habari njema," alisema Mara Mbili akishuka. "Tumepata mtoto wa kiume. Tumemwita Chande. Baba yetu amerudi!"

"Mashallah. Mungu amkuze."

"Sasa mama yake karibu anarudi kazini. Niachie Zamzam atulelee, mwaka mmoja tu. Kidato cha kwanza hakikimbii."

Zamzam, binti wa pekee wa Esha, alikuwa nyuma ya meza akikunja sare yake mpya. Mikono yake ikasimama.

"Hakikimbii?" Esha akainuka. "Changu kilikimbia, mpaka leo sijakikamata!"

"Dada, watu wanasikia."

"Wasikie! Si wewe unapenda mikutano?"

Muuza samaki wa jirani akaangua kicheko. Afisa akasogea, akashusha sauti. "Kweli utamnyima baba yetu mlezi?"

Hapo Esha alichemka. "Kumbe ni baba? Basi mlete! Nimemngoja huyo miaka yote. Mlete nimweke juu ya meza hii, anieleze kwa nini alinitoa shule."

"Mtoto hata shingo haijakaza, dada!"

"Shingo haijakaza, na tayari anatoa wasichana shule. Nenda zako, Changawa. Zamzam anaenda kusoma. Yaya tafuta, umlipe."

Mlango wa gari ulibamizwa. Esha akarudi kuyapanga maembe yake. Zamzam alimsogelea. Hakuwahi kumsikia mama yake akitaja kutolewa kwake shule.

"Mama," aliuliza taratibu, "wewe ulitaka kuwa nani?"

"Daktari wa mifugo."