Roboti Ana Roho, Dada Hana

Kwa kinyozi mmoja hapa Nakuru, jamaa alikuwa akioshwa kichwa huku akitazama kipindi cha wasafiri wa angani kwenye televisheni. Roboti mmoja kwenye kipindi hicho akaomba asizimwe.

"Wasimzime," jamaa akasema kwa huruma. "Huyo ako na roho kama mimi."

Kisha kapteni, ambaye ni mwanamke, akatoa amri. Jamaa akasonya. "Nani alimpatia huyu mama kazi? Anaharibu story."

Dada aliyekuwa akimwosha akasema polepole, "Lakini boss, ni huyo kapteni amekataa roboti azimwe."

"Wewe osha kichwa."

Mimi niliyekuwa nikingoja zamu yangu ya kunyolewa, damu ilinichemka. Chuma kikiomba tunakihurumia, mwanamke akisema ukweli tunamnyamazisha. Dada akapangusa mikono, akaenda kuketi nje.

Jamaa akabaki na povu machoni, akipapasa mfereji. Hakuna roboti aliyekuja kumsuuza.