Msusi Asiyeguswa

Jina langu la ubatizo ni Debora, lakini huku Vidunda ukimuulizia Debora utazungushwa milima yote. Muulizie Mama Eda msusi. Kabla sijaugua, Jumamosi mchana ilikuwa siku yangu. Nikitoka kwenye maharage nanawa mikono, natoa kigoda nje, na wanawake wanaanza kuja, kila mmoja anataka kupendeza kanisani kesho yake. Asiyekuwa na hela alileta ndizi au mzigo wa kuni. Anakaa chini, kichwa kati ya magoti yangu, nami nasuka huku nasimuliwa habari za kijiji kizima. Mabutu, vitunguu, twende kilioni, zote nilisuka. Mume wangu alikuwepo, binti yetu wa pekee, Eda, alikuwa bado anasoma, na mdomo wangu ulikuwa haupumziki. Nasema haya ili mjue kwamba sikuzaliwa mpweke. Upweke niliujulia ukubwani, na ulianzia kwenye ngozi.

Ulikuwa muwasho tu wa nyonga na matako. Nikadhani kunguni, nikaanika godoro. Nikadhani sabuni, nikabadili sabuni. Muwasho ukashuka mapajani, ukafika miguuni. Mbu akikuuma unajikuna, kunaisha. Huu ulikuwa chini ya ngozi, kucha hazifiki. Nilijikuna kwa gunzi la mahindi, nikajisugua kwenye mwimo wa mlango kama ng'ombe kwenye mti. Shuka zangu zilikuwa na damu kila asubuhi. Ngozi ya matako ikawa ngumu, imekunjamana, na ya miguuni ikababuka, mahali peupe mahali peusi. Pale nyongani kikaota kinundu kigumu chini ya ngozi, ukikibonyeza kinateleza, wala hakiumi. Nilikizoea hata nikawa nakibonyezabonyeza nikiwa na mawazo.

Baba Eda alivumilia, nisimseme vibaya kupita kiasi. Kwanza alihama kitanda, akasema hapati usingizi kwa ninavyojikuna. Baadaye akahama nyumba, akateremka kwenye mashamba ya miwa kutafuta kibarua. Aliniaga kwamba anakwenda msimu mmoja. Inaonekana misimu ya huko ni mirefu kuliko ya kwetu, maana mpaka leo haujaisha.

Watu walisema nimerogwa. Wengine walisema ni ule ugonjwa mkubwa. Nilikwenda kupima, sikuwa nao, lakini majibu ya namna hiyo hayatangazwi kanisani. Jumamosi nikawa natoa kigoda, nakaa nacho, narudi nacho ndani. Hakuna aliyenigombeza, waliacha tu kuja. Jumapili nawaona wamesukwa na mtu mwingine, tena vibaya, mistari imepinda.

Sisi Waanglikana ibada ikifika mahali pa kupeana amani, tunashikana mikono, unashika wa mbele, wa nyuma na wa kando. Benchi langu lilikuwa limepungua watu. Waliobaki wakawa wananipungia, wanatabasamu, mkono juu kama mtu anayeaga gari. Nilipungiwa amani hivyo mpaka nikachoka, nikawa nasali nyumbani.

Kisha likaja la maji. Tuna bomba moja la kijiji, chini ya kanisa. Jirani yangu mmoja, jina namhifadhia kwa sababu sasa tunaelewana, alikuja akasimama mwisho wa uwanja.

"Mama Eda, usinichukie," alisema. "Kina mama wamekaa, wanaomba uwe unachota kule mtoni, kwenye mawe. Hapa bombani kuna watoto."

"Watoto watafanywa nini na ndoo yangu?"

"Sijui, dada. Mimi nimetumwa."

Basi nikawa nateremka mtoni peke yangu, pale maji yanapokwenda kasi na kuvunjika kwenye mawe. Nilichota huko, nikafulia huko, nikaoga huko. Palikuwa na vijinzi vidogo vyeusi, vyenye mgongo uliobinuka, vinavyouma miguuni na kuacha tone la damu. Sikuvijali. Niliona hao ndio viumbe pekee ambao bado walinitaka.

Nitasema na hili, kwa kuwa mtauliza. Dawa ya usubi, ule ugonjwa ambao sisi tuliujua kuwa wa macho tu, hugawiwa kijijini kwetu kila mwaka, bure. Mwaka mmoja nilikwenda kupanga foleni. Watu wakaacha nafasi mbele yangu, wakaacha nafasi nyuma yangu, nikasimama katikati kama kisiki kilichoachwa shambani. Nikageuka nikarudi nyumbani. Tangu hapo siku ya dawa nilikuwa nalala ndani mpaka wagawaji waondoke.

Eda aliolewa na fundi pikipiki, wakakaa Mikumi mjini. Alipojifungua mtoto wa kike, Jeska, nilifunga kuku na mkungu wa ndizi nikateremka mlima. Kwetu bibi mzaa mama ndiye anayemwosha mtoto na kumkanda mzazi. Njia nzima nilikuwa nawaza nitakavyomshika. Nilifika, nikamkuta wifi yake Eda ameshika beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe nimwone."

Eda hakusogea. Alikuwa ananiangalia miguu. "Mama, kaa pale kwenye mkeka. Nitakuonyesha."

Akanionyesha kutoka mlangoni. Alifunua khanga kidogo, nikaona utosi, nywele nyingi nyeusi, basi. Nilimwambia ni mzuri. Nilikula chakula changu kwenye sahani yangu, na sahani ile niliiona baadaye imewekwa nje, peke yake. Kesho yake nilikwenda duka la dawa, nikapewa dawa ya upele, nikaambiwa nipake mwili mzima na wote ninaokaa nao wapake. Eda aliposikia hayo ya wote wapake, akaona hofu yake imethibitishwa. Sikukaa muda. Nilirudi mlimani bila kumgusa mjukuu wangu, na huo ndio uchungu mkubwa kuliko muwasho wote. Mume alinitoroka, nikasema wanaume ndivyo walivyo. Lakini Eda nilimzaa mimi.

Miaka ikapita hivyo. Habari za Jeska nilizipata kwa simu: ametambaa, amesimama, ameota meno. Macho nayo yakaanza kuwasha na kutoa machozi, na mwanga wa mchana ukawa unaniumiza. Niliacha kusema na watu. Kuku wangu walinijua sauti kuliko jirani yeyote. Sikutaka tena kupona ili nipendeze, nilitaka kitu kimoja tu, kumshika yule mtoto kabla macho hayajafungwa.

Siku moja asubuhi niliteremka mtoni nikawakuta vijana wawili wamekaa juu ya mawe, suruali zimekunjwa hadi magotini, wanaangalia miguu yao wenyewe. Kila mmoja ana vichupa. Kijinzi kikitua mguuni, anakifunika na kichupa upesi kabla hakijauma. Nikajua hawa wamechanganyikiwa.

"Shikamoo, mama," mmoja akasema. "Tuko kwenye utafiti. Tunakamata usubi, hivi vijinzi."

"Mnawapeleka wapi?"

"Maabara, tuone kama wamebeba vimelea." Akaiangalia miguu yangu. Sikuwahi kuificha. "Mama, huwa unachota maji hapa?"

"Kila siku. Bombani nimekatazwa."

Wale vijana waliangaliana, wakaacha kukamata inzi. Waliniomba nifike zahanati, kuna mwenzao anayepima watu.

Huyo mwenzao alikuwa binti wa maabara, nitamwita Salma. Mnene kidogo, mcheshi, nywele zake zimefumuka kwa safari. Aliniamkia, akanieleza kabla ya kunigusa, akaniuliza kama nakubali. Akavaa glavu, akanikata kipande cha ngozi nyonga hii na nyonga hii, kidogo mno, kama kuchomwa na mwiba. Akaviweka kwenye matone ya maji ya chumvi, akaniambia tusubiri. Nilikaa kwenye benchi la nje, peke yangu, maana waliokuwepo walikwenda kusimama uani.

Aliponiita aliniinamisha kwenye hadubini. Mwanzo sikuona kitu ila kope zangu. Halafu nikaona. Vitu vyembamba kama nyuzi, vinajinyonganyonga, vinakwenda huku na huku.

"Ni wangu hao?"

"Ni wako, mama. Watoto wa mnyoo wa usubi. Wanatembea chini ya ngozi, ndio wanaokuwasha. Wengine wanaingia machoni. Wazazi wao wako kwenye hiki kinundu."

Nililia kwa furaha, jambo la ajabu kwa mtu aliyeonyeshwa minyoo yake. Muwasho ulikuwa na mwenyewe. Sikurogwa, wala sikuwa mchafu.

"Na niliowagusa je?" nikauliza. "Nina mjukuu."

"Huu hauambukizwi kwa kugusana, mama. Wala kwa sahani, wala kwa ndoo. Mpaka akuume yule inzi, naye anazaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, kwenye mawe."

Nikawa nakibonyezabonyeza kile kinundu. Akadhani sijaelewa, akarudia. Nilikuwa nimeelewa sana. Walionifukuza bombani ili nisiwaambukize watoto walinipeleka nyumbani kwa ugonjwa, na mimi nikawa nakwenda kila siku na ndoo yangu. Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuiona, hata kwa Baba Eda.

Salma akavua glavu, akanawa. Kisha akasema, "Mama, nimesikia wewe ulikuwa msusi. Mimi nina wiki nzima huku milimani na kichwa changu unakiona. Nisuke."

"Humu ndani?"

"Pale nje, kuna mwanga."

Akachukua kigoda cha zahanati akakiweka mbele ya mlango, watu wote wanaona. Akakaa chini, kichwa chake kati ya magoti yangu, magoti yale yale yenye mabaka. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau. Mstari wa kwanza ulipinda, nikaufumua. Wa pili ukanyooka. Watu waliokuwa uani walisogea polepole kama kuku wanaomwagiwa mtama wasioamini. Mama mmoja akauliza, "Na huyu haogopi?" Salma akajibu akiwa amefumba macho, "Niogope nini, ananivuta tu nywele." Nilimsuka twende kilioni mpaka kisogoni. Sijasuka kichwa kizuri kama kile, kabla wala baadaye.

Nilipewa vidonge. Waliniambia mapema kwamba muwasho utazidi kwanza, maana wale wadogo wanakufa chini ya ngozi, na kweli nilivimba uso na miguu, homa ikanishika, nikajikuna kama siku zote za nyuma zimerudi pamoja. Walikuwa wamenionya, kwa hiyo sikukimbia. Nilipewa na dawa nyingine ya kumeza kila siku kwa wiki kadhaa, ya kuwadhoofisha wale wakubwa. Baada ya hapo, mchana mmoja nikiwa napalilia, nikagundua kwamba tangu asubuhi sijajikuna. Nilikaa chini kwenye tuta nikashangaa. Ngozi ilikuwa imetulia kimya.

Sijapona kila kitu, nisiwadanganye. Mabaka ya miguuni yamebaki. Jicho la kushoto lina ukungu na halitarudi. Wapo mpaka leo wanaonipungia. Minyoo inakufa mapema kuliko hofu.

Ila habari za kichwa cha Salma zilifika Mikumi kabla yangu. Eda alinipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nasikia umemsuka daktari."

"Si daktari, ni wa maabara."

Nikamsikia anavuta kamasi. "Mama, mimi nilikuwa naogopa kwa ajili ya mtoto."

"Najua. Ningekuwa wewe ningeogopa," nikamwambia. Huo ulikuwa uongo, lakini mzazi ana ruhusa ya uongo mmoja.

Hakuja mara moja. Alipokuja alikuja na Jeska na mfuko wa nguo, akauliza kama mtoto anaweza kukaa nami wakati yeye anatafuta kazi. Nilikubali kwa sharti langu, kwamba mtoto hatakwenda mtoni kwenye mawe, hata kwa kusindikiza. Maji tunachota bombani, mimi naye, na hakuna anayetuuliza.

Ninyi mnaonisoma, kama unawashwa na hakuna anayekuelewa, nenda ukapimwe. Siku ya dawa ikifika toka ndani ukameze, hata kama foleni itakuachia nafasi, na umeze tena mwaka unaofuata, maana ile minyoo mikubwa inaishi miaka mingi. Na wewe uliye mzima, ukimwona mtu foleni imemwachia nafasi, nenda ukasimame pale. Namshukuru Mungu, na wale vijana waliokunja suruali, na Salma.

Mwaka huu wagawaji wamekuja tena na ile fimbo yao ya vipimo, maana dawa inatolewa kwa urefu, na mtoto asiyefika alama ya kwanza hapewi. Jeska alitaka sana kufika. Jumamosi alinikalia kati ya magoti akasema nimsuke mabutu yasimame juu, na mimi nikasuka bila kuuliza. Kumbe ana hesabu zake. Alisimama kwenye fimbo amenyoosha shingo, mabutu yamepita alama, watu wakacheka.

"Nywele hazihesabiwi," akasema mgawaji, yule yule jirani yangu aliyenijia kwa habari ya bomba. Alinitazama, akaogopa kidogo, kisha akasema, "Dada, hebu zilaze wewe, tumpime."

Nikaweka kiganja changu juu ya utosi wa Jeska, nikalaza nywele taratibu. Alama ilikuwa chini ya kidole changu, naye alikuwa ameipita. Mgawaji akampa kidonge na maji, akameza, akaonyesha ulimi. Foleni ilitakiwa kusogea. Mkono wangu ulikuwa bado uko pale kichwani, na hakuna hata mmoja aliyeniambia niutoe.