Siku Niliyonyamaza

Mimi ni msemaji, na sioni haya kulisema hilo. Nikivuka feri peke yangu, nafika ng'ambo nina mashoga wapya watatu na namba zao za simu. Nikikaa kimya nusu saa kichwa chaniuma. Nikipata watu, napona. Mama akinituma vitunguu duka la pili tu hapa Bofu, mchuzi waungua naye bado aningoja. "Mdomo huo," alikuwa akisema, "utakukosesha mume."

Mume nilimpata, tena kwa mdomo huo huo. Alikuja ofisini kwetu Kipevu kufuatilia kontena, na alipokuwa akingoja karatasi zake nikamuongelesha mpaka akacheka. Nilimpenda, basi. Alipoleta posa ikapokewa, nyumbani walifurahi wote, ila wote walikuwa na hofu moja: nisije nikasema.

Kwetu, siku ya nikahi baba huingia ndani na mashahidi wawili kumuuliza bi harusi kama ameridhia. Mwari hajibu. Huinamisha kichwa, na kimya chake ndiyo ridhaa yake. Shangazi alinifunza wiki nzima. "Ukifungua kinywa tu, wakwe watasema tumewapa mwanamke hana haya. Ukiweza, lia kidogo."

Siku ikafika. Wanaume walijaa barazani, bwana harusi kati yao. Baba akaingia na mashahidi, akaketi mbele yangu mkekani.

"Mwanangu, umeposwa na kijana huyu. Umeridhia nikuoze?"

Nikainama, kimya. Shangazi akanifinya kwa furaha.

Baba akauliza tena. Nikauma midomo, na kwa kule kujizuia machozi yakanitoka kweli. Shahidi mmoja akainuka, "Alhamdulillahi." Baba akamshika kanzu. Uso ulikuwa umembadilika.

"Ngoja. Hii si ridhaa. Huyu nimemlea mimi, hata akiwa na homa husema. Leo anyamaze, tena alie? Wallahi simuozi mtoto kwa nguvu. Nenda kawaombe radhi wageni, waambie hakuna nikahi."

"Kaka, si ndiyo desturi!" shangazi akasema.

"Kwa wengine. Si kwa huyu."

Shahidi akaushika mlango. Lo! Mwanamume nimpendaye yuko upande wa pili wa mlango ule, na anakwenda kuambiwa simtaki!

"Nataka!" Niliruka wima. "Baba, namtaka! Wallahi namtaka, tangu siku ya kwanza namtaka!"

Barazani kikapasuka kicheko, na jikoni vikalia vigelegele. Shangazi alijifunika leso uso mzima. Wakwe nao walisema, tena walisema miaka miwili. Hawakunikosesha usingizi hata siku moja.

Baba peke yake hakucheka. Alibaki pale mkekani, amenishika mkono.

"Usininyamazie tena, mwanangu," akasema. "Umenitisha."