Elfu Sitini Haijafika

Watu wa Kibondo husahau mambo mengi ya maana, lakini hawajasahau kwamba niliwahi kuwa na gari la klachi mbili. Mpaka leo mtu akiagiza la kwake ananitafuta. Eti mwalimu, mafuta ya giaboksi na chujio lake hubadilishwa kila kilometa ngapi? Namjibu kwa mkato: elfu sitini kwenye lami, elfu arobaini kwa milima na vumbi letu, na chujio libadilishwe siku hiyo hiyo. Kisha naondoka kabla hajaniuliza gari langu liko wapi.

Nililinunua mwaka 2013, nikiwa nafundisha hisabati sekondari. Lilikuwa gari dogo lililotumika Japani, na mita yake ilisoma elfu thelathini na tisa. Muuza vipuri wa Dar es Salaam ndiye aliyenieleza kwa simu jinsi giaboksi yake ilivyo. Mguuni hakuna pedali ya klachi, lakini ndani klachi ziko mbili: moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine ya pili, ya nne na ya sita. Moja ikiwa kazini, nyingine imekwisha kujiandaa. Mafuta ndiyo yanayozipoza na kuzisukuma, na yakichakaa zinaungua. Mimi sikusikia habari ya kuungua. Nilisikia witiri na shufwa. Wiki ile ile niliichora giaboksi ubaoni kidato cha kwanza, na nikajiona mtu mwenye bahati kuliko wote kati ya Kakonko na Kasulu.

Yule muuza vipuri alinipa namba zote mbili, sitini na arobaini. Nikachagua sitini. Niliona arobaini ni ya watu wanaoendesha bila adabu, na mimi adabu ninayo. Hata hivyo sikuwa mzembe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mapema mwaka 2015, mita ilipofika elfu hamsini na saba, niliagiza makopo sita ya mafuta yenyewe hasa, si haidroliki nyekundu inayomiminwa humu katika kila kitu, pamoja na chujio kwenye boksi lake. Yalikuja kwa basi. Nyumba yetu haina stoo, kwa hiyo niliyapanga chini ya kitanda cha mama.

Fundi wangu alikuwa mzee wa maneno machache, aliyejifunzia kazi kwenye malori. Kwetu fundi akishamwaga oili ya injini anafunga kikadi kwenye usukani, ameandika kilometa za siku ile na za kurudi. Siku moja mwezi wa nne, alipokwisha kuandika ya injini, aliliendesha gari mwenyewe mpaka sokoni na kurudi. Akaniambia linashtuka likianza kuondoka. Kisha akaniita niinamie mlangoni, akanionyesha raba ya pedali ya breki, jinsi ilivyolika upande mmoja mpaka chuma kinachungulia.

"Mwalimu, gari la elfu hamsini halili pedali hivi," alisema. "Hii mita inakudanganya. Lete hayo mafuta yako leo."

Nilimwambia mita ni mita, namba ni namba, na elfu sitini haijafika. Alichukua kikadi, chini ya mstari wa injini akaandika: GIABOKSI, SASA. Nilipofika nyumbani nilitoa kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikakata neno SASA, juu yake nikaandika 60,000. Mkono wangu haukusita. Nimekata majibu ya watoto kwa mkono huo huo miaka mingi, na sijui mara ngapi nilikata lililo sahihi.

Mama yangu alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa huku, akapata uraia, akazeeka huku. Dada yake mkubwa alibaki ng'ambo. Katika miaka yote hiyo walionana mara mbili tu. Mwezi wa sita mwaka ule, watu walipokuwa wanavuka kwa maelfu, binti wa mama mkubwa alitupigia simu kwamba wamepokewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yeye na mama yake, na kwamba mama yake anaumwa kifua. Mama aliisikiliza simu amesimama. Alipoirudisha mkononi mwangu alikuwa anatabasamu kama mtoto.

Aliniuliza tunakwenda lini. Nikasema kuna kibali cha kuingia kambini, tungoje kitoke. Kikatoka. Nikasema nasahihisha mitihani. Mitihani ikaisha, nikasema Jumamosi ijayo, na hiyo Jumamosi kukawa na kikao shuleni. Kila nilipotoa sababu, mama aliitikia kwa Kirundi, "ego, mwana wanje", ndiyo mwanangu, na kurudi kuchambua maharage yake. Alikuwa ameyaweka tayari kwenye kikapu, na kitenge kipya juu yake. Kila asubuhi aliyatoa, akayachambua tena asije mdudu akayawahi. Mimi nilikuwa napita na daftari zangu. Nilikuwa na hesabu yangu pia: kwenda na kurudi hazifiki kilometa mia tatu, tukirudi namba inakaribia kutimia, nabadilisha mafuta kwa raha zangu.

Kisha yule dada, binti wa mama mkubwa, akapiga tena. Mama mkubwa hali chakula tena, anamwita mdogo wake kwa jina la utotoni.

Tuliondoka asubuhi yake. Mama alivaa kile kitenge kipya, akabeba kikapu mapajani, akakataa nikiweke nyuma. Njia nzima alizungumza, jambo ambalo si tabia yake. Alinisimulia jinsi dada yake alivyombeba mgongoni kuvuka mto, yeye mama akiwa na homa, na jinsi alivyomchapa siku hiyo hiyo kwa kulia.

Kwenye mlima mmoja mrefu tukakuta malori ya chakula cha kambini yamefuatana, yanapanda taratibu, barabara nyembamba na vumbi halionyeshi mbele. Nikakaa nyuma yao. Nasogea, nasimama, nasogea. Zaidi ya nusu saa. Ikaja harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni breki za lori. Taa ikawaka kwenye dashibodi. Gari likashtuka, likawa linapanda kwa gia ya kwanza, linarukia ya tatu na kukosa nguvu. Nilielewa papo hapo, na nilijichukia kwa jinsi nilivyoelewa upesi: shufwa zimekwisha. Baada ya mita mia hivi na witiri zikakata. Injini iliendelea kuunguruma vizuri kabisa, na gari halikwenda.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mita ilisoma elfu hamsini na tisa, mia nne themanini.

Pikipiki zilipita, lakini mama ana nyonga mbovu, pikipiki hawezi. Basi lililopita lilikuwa limejaa, halikusimama. Mama alikaa ndani ya gari na kikapu chake, mlango wazi. Mimi nilifungua boneti na kuifunga, nikaifungua tena, kwa sababu nilishindwa kumtazama. Saa saba lori la mahindi likatuchukua. Tulifika getini saa tisa kasoro, na dada alikuwa amesimama hapo anatungoja, kanga ameifunga kiunoni.

Mama mkubwa alikuwa amefariki saa sita. Dada alisema tangu asubuhi alikuwa anauliza kama wamefika. Kwa gari zima tungekuwa naye kabla ya saa sita. Nimeipiga hesabu hiyo kwa kila njia ninayoijua, na kila mara inatoka vilevile.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi wangu. Aliinua boneti, akachukua kitambaa, akafuta vumbi pembeni karibu na taa. Palikuwa na karatasi ndogo ya Kijapani iliyobandikwa tangu huko lilikotoka, ya kumbukumbu ya kubadilisha oili. Nilikuwa naiona kila nikiangalia maji, na nilidhani ni namba ya simu ya gereji. Maandishi siyajui, lakini tarakimu ni tarakimu: 98,000, na mimi nililinunua mita ikisoma elfu thelathini na tisa. Fundi alifungua kikadi kwenye usukani, akakiangalia, akanipa mkononi.

Nyumbani nilimweleza mama, maana sikuweza kukaa nalo. Nilimwambia kilichotuweka mlimani ni mafuta ya giaboksi, kwamba yalitakiwa kubadilishwa, kwamba fundi aliniambia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni hayo yaliyo chini ya kitanda changu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na kuyaweka ni kazi ya muda gani?"

"Asubuhi moja."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kulala.

Gari nililiuza kama chuma chakavu. Makopo sikuweza kuyatoa, na yeye hajaniambia niyatoe. Akifagia chumba chake anayavuta nje, lile boksi la chujio pia, anafagia, kisha anayarudisha palepale.