Uduvi Ambao Mama Yangu Hakuuonja

Niliolewa Kisumu nikiwa sijawahi kuonja samaki. Kwetu, kwenye miteremko ya Nyeri, samaki hakuwa chakula. Alikuwa kiumbe wa majini, ndugu wa nyoka, na mtu aliyesemekana kumla alitajwa kwa sauti ya chini. Mume wangu, aliyekuwa akiuza viazi na vitunguu sokoni, alikuwa ameishi kando ya ziwa miaka kadhaa kabla yangu, lakini hilo halikumbadilisha. Siku ya kwanza, tukiwa bado tunafungua mizigo, aliniambia kwamba katika nyumba yake hakujawahi kuingia mfupa wa samaki. Aliyasema hayo bila ukali, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kuweka ndoo.

Tulikaa Kaloleni, katika zile nyumba za manispaa zilizopangwa mistari, ukuta mmoja ukigawa familia mbili. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi mjane mmoja wa makamo, mwenyeji wa ufukweni huko mbele ya Kisian, ambaye alishona nguo za watoto wa shule kwa cherehani barazani kwake. Mimi nilimwita Mama, naye aliniita nyathina, yaani mwanangu. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake wala ya mama yangu, kwa hivyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Neno likitukimbia tulinyoosha kidole.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa na mimba, nayo ikanitesa. Chai ilirudi, uji ulirudi, hata irio niliyopika kwa mikono yangu, viazi na mahindi na majani ya malenge, nilikuwa nikiitazama tu nikakimbilia nje. Mume wangu aliniletea machungwa, kisha soda, kisha akaishiwa na mawazo, akawa anakaa mlangoni jioni akiniuliza kama nimekula, huku akijua jibu.

Basi alasiri moja nilikuwa nimelala mkekani, nikasikia harufu ikipenya kutoka kwa jirani. Ilikuwa harufu ya kitu kinachokaangwa, yenye chumvi na moshi kidogo, na chini yake kitu ambacho sikukijua. Nilingoja tumbo lipinduke kama kawaida yake. Badala yake mate yalinijaa mdomoni. Niliinuka, nikajifunga leso, nikatoka nikasimama kwenye mlango wake wa jikoni.

Alikuwa ameinama juu ya stovu ya mafuta ya taa, akikoroga sufuria. Ndani mlikuwa na vitu vidogo vya rangi ya waridi iliyopauka, kila kimoja kama punje ya mchele iliyokunjwa, na kila kimoja na macho mawili meusi kama ncha ya sindano.

"Mama, unapika nini?"

"Hii ni ochong'a," alisema. "Lakini wewe hutaki hii. Hata watu wengine wanapatia kuku."

"Ninaitaka."

Akanitazama usoni, kisha tumboni, ambako bado hakukuonekana chochote. "Hiyo mtoto ndiyo inataka," akasema. "Kaa chini."

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa pwani wana jina la kamba wadogo namna ile: uduvi. Siku hiyo sikuwa na jina. Nilikuwa na kipande cha ugali mkononi na sufuria mbele yangu, nikala mpaka jirani akacheka na kuongeza unga kwenye maji. Kisha nilirudi kwangu, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa wiki nyingi, na hakuna kilichorudi.

Nilimwambia mume wangu jioni ileile, kabla hajavua viatu. Alivua kimoja. Kisha akauliza kama nimetapika, nami nikamwambia la.

"Basi kula," alisema. "Lakini isiwe ndani ya sufuria yangu."

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na sufuria mpya, ndogo, yenye mpini mmoja. Akaiweka mezani, akaenda kuoga. Hatukuizungumzia tena.

Jirani ndiye aliyenifundisha. Dada yake aliyekaa ufukweni alikuwa akimletea uduvi mkavu ndani ya gunia dogo, naye alinipimia wangu kwa kikombe. Kwanza niliupepeta kwenye uteo ili mchanga na vipande vya majani vitoke. Kisha niliuosha kwa maji ya vuguvugu, upesi, maana ukikaa majini unakuwa uji. Stovu ilitaka tambi fupi na moto mdogo. Niliukausha sufuriani bila mafuta mpaka ukalia kama mvua inayoanza juu ya mabati, ndipo nikaweka mafuta na kitunguu, kisha nyanya, na mwisho maziwa kidogo, nikaacha uchemke taratibu. Jirani alinionya nisiufunike. Ukifunikwa, alisema, harufu inarudi chini kwenye mchuzi badala ya kwenda zake.

Mimba ikakua, nami nikanona. Mume wangu alikuwa akikaa nje mpaka nimalize kupika, kisha anaingia na kufungua dirisha, na ndivyo tulivyoishi.

Mwezi wa mwisho ulipofika, mama yangu alikuja kwa treni. Alibeba njahi, zile kunde nyeusi ambazo kwetu ndizo chakula cha mzazi, ndizi mbichi, na kiondo kipya, kikapu alichokuwa akikimalizia kusuka njiani. Alikuwa na ujumbe pia. Yeye na baba yangu walikuwa wamekubaliana kwamba nirudi nyumbani nikajifungulie kule, kati ya watu wangu. Mume wangu alisema uamuzi ni wangu. Mimi niliomba siku chache za kufikiri.

Kabla siku hizo hazijaisha mama alikuta juu ya rafu kopo nililowekea uduvi. Alilifungua akidhani ni majani ya chai. Alilishika kwa mkono mmoja, akaniuliza kwa upole ni nini, nami nikamwambia.

"Hawa ni wadudu," alisema. "Nani amekuzoesha kula wadudu?"

Nilimweleza yote, kuanzia yale majira ya kutapika. Alisikiliza hadi mwisho, akalifunga kopo, akalirudisha mahali pake. Kilichoniuma ni kwamba hakugomba. Alikaa kwenye kigoda akaendelea na kiondo chake, na baadaye, akiwa ameinamisha kichwa, akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini siharakishi kurudi nyumbani. Jirani alipokuja kumsalimu, mama aliitikia kwa Kikuyu, kwa heshima zote, na mimi nikatafsiri, lakini mikono yake haikuacha kusuka.

Uchungu ulinikuta kabla hatujaamua lolote. Jirani alitafuta gari, mama akanishika mkono, na mtoto wa kike akazaliwa hospitalini, mzima, mwenye nywele nyingi. Mimi nilipoteza damu nyingi. Niliporudishwa nyumbani nilikuwa mwepesi kama gunia tupu. Mama alinipikia njahi kwa ndizi, chakula ambacho nilikuwa nimekisubiri tangu utotoni, maana kwetu msichana huona wanawake wakilishwa hivyo na kujua kwamba zamu yake itafika. Nilikitia kijiko cha kwanza mdomoni na koo likakataa. Siku iliyofuata likakataa tena. Maziwa hayakushuka vizuri, mtoto akalia, mume wangu akawa anatembea barazani huku na huku.

Nilikuwa nimefumba macho niliposikia rafu ikiguswa. Nilipoyafumbua nilimwona mama akitoka mlangoni na ile sufuria ndogo mkononi na kopo kwapani. Alikwenda kwa jirani peke yake, bila mkalimani. Kupitia ukutani nilisikia sauti zao, mmoja akisema Kikuyu, mwingine Dholuo, na katikati maneno mawili matatu ya Kiswahili: maji, moto, mtoto. Kisha nikasikia kicheko, na sikujua ni cha nani.

Walirudi pamoja. Mama hakuwa amewahi kutumia stovu. Yeye alipika maisha yake yote kwa kuni na mafiga matatu. Jirani aliiwasha, akapunguza tambi, akarudi nyuma na kusimama mlangoni. Hakushika mwiko. Alimwacha mama apike, akimwelekeza kwa mkono: sasa kitunguu, sasa nyanya, ngoja. Mama alikuwa ameugeuza uso wake pembeni, pembe ya leso ikiwa puani, lakini mkono wake haukuacha kukoroga. Alipofika kwenye chumvi alitia kiasi ambacho angetia kwenye chungu cha githeri cha watu kumi. Hakuonja.

Aliniletea kwenye bakuli, akanilisha mwenyewe. Ilikuwa chumvi tupu.

"Iko sawa?" aliniuliza.

"Iko sawa."

Niliumaliza wote. Kisha nikaomba maji, nikanywa jagi zima, nikaomba mengine. Jirani, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni, alichovya kidole ndani ya sufuria, akalamba, akautazama mgongo wa mama. Alikwenda kwake akaja na kikombe cha maziwa, akayamimina juu ya mchuzi uliobaki.

Usiku huo mtoto alinyonya akashiba. Sijui kama ni uduvi, au ni yale maji, au ni kwamba hatimaye nilikuwa nimelala. Mama alipika tena kesho yake, na siku zilizofuata, na jirani akawa anamwonyesha kwa ncha za vidole chumvi ya kutosha.

Wiki ya pili, akinikanda mgongo kwa maji ya moto, mama alisema, "Ile chumvi nilijua. Nilikuona ulivyokunywa maji."

"Mbona hukuonja?"

"Sikuweza. Kupika niliweza." Alikamua kitambaa. "Nilikuja kukuchukua. Baba yako alinituma. Nitamwambia umepata mtu wa kukuangalia."

Alikaa mpaka mtoto alipoanza kufuata watu kwa macho. Siku ya kuondoka, jirani alifunga cherehani yake, akavaa gauni lake la kanisani, akatusindikiza hadi stesheni. Mama alimpa kile kiondo. Hawakuwa na maneno ya kusemezana, wakashikana mikono miwili kwa miwili mpaka gadi akapuliza filimbi, na mume wangu akapandisha mizigo.

Mume wangu hakuuonja uduvi hadi alipokufa. Binti yetu aliula kabla hajaota meno yote, na hakuona ajabu yoyote ndani yake.

Binti alipokuwa na miaka kama minne, jirani alikuwa amerudi kwao kwa sababu ya macho, hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Tulimfuata huko, mimi na mtoto, kwa basi la asubuhi. Tulimkuta ameketi ufukweni na dada yake, mbele yao majamvi ya mafunjo yaliyotandazwa uduvi mbichi, na kila mara mmoja wao aliinuka na kuugeuza kwa kiganja. Kuku walikuwa wakizungukazunguka, dada akiwafukuza kwa ufito. Jirani alimpapasa mtoto uso wote kwa vidole, akauliza habari za mama yangu, akauliza kama bado anasuka. Nilimwambia anasuka. Tulikula adhuhuri, tukakaa kivulini. Mtoto alilala kwenye ukingo wa jamvi, na mawingu yalipojikusanya juu ya ziwa sote watatu tukainuka kuuanua uduvi.